Nadhiri ya Miguu

Kutoka barabarani hadi ziara ya kilimani, Jomvu,
ni mwendo wa kumaliza kipande cha kashata.
Ndivyo alivyoniambia mwenye duka,
akanielekeza kwa kidevu, akarudi kupima sukari.

Kilima kimekatwa matuta, tuta juu ya tuta,
na kila tuta mitambuu imeparamia fito za mkoko,
jani limelalia jani, bado na umande wa asubuhi.

Shee Kombo yuko kwenye ngazi, mdomo mwekundu,
anachuma kwa ukucha wa dole gumba
alioufuga kwa kazi hiyo tu.
"Mgonjwa?" ananiuliza.
"Mdaiwa."
Anacheka. Ananishushia jani, na popoo, na chokaa kwenye ncha ya kijiti.

Nilitimiza miaka minne sijasimama.
Mama alinipandisha hapa mgongoni, jua la saa saba,
akashika ukuta wa matumbawe, akasema:
Akitembea, atakuja kwa miguu yake, na chupa ya marashi.

Nikatembea. Nikakimbia, hata.
Nikaenda Changamwe kusoma, nikaolewa, nikarudi.
Chupa ikakaa kabatini nyuma ya vikombe vya wageni,
na kila Rajabu alisema, Mwezi ujao, inshallah.
Mwezi ujao ukaja kumchukua yeye.

Tuta la tano, goti la kushoto linanisema.
Tuta la saba nasimama, najifanya natazama
kreni za bandari kule ng'ambo ya hori
zikinyanyua makontena kama mtu aokotaye punje.
Alipandaje hapa, naye amebeba mtoto mzima?

Mlango umefungwa. Kufuli jipya, la shaba.
Mwenye ufunguo, wasema watoto, kaenda kununua saruji.
Nangoja. Kunguru anangoja nami, kisha anachoka.
Nachuchumaa, nafungua chupa:
marashi yamekuwa rangi ya chai,
harufu imefifia, lakini ipo,
sauti ya mtu aliye chumba cha pili.
Nayamimina chini ya mlango,
yanaingia yenyewe, polepole, mimi nimebaki nje.

Mama, nimekuja. Sina la kuongeza.

"Umelipa?" Shee Kombo anauliza nikishuka.
Chokaa imenichoma ulimi, siwezi kumjibu.
Nahesabu matuta.
Kupanda yalikuwa tisa.
Kushuka nimepata kumi.