Mfasiri wa Kawangware

Shilingi ishirini mlangoni, viatu vya matope ruksa.
Kyengo hajui Kikorea, hata salamu.
Ameshika kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli
na jasusi anaporuka mapaa ya Seoul
Kyengo anaruka naye, anahema, anambatiza:
"Huyu ni Omwoyo! Katumwa na wakubwa!
Usiingie lifti, Omwoyo, hiyo lifti imeuzwa!"

Lifti inafunguka. Bastola tatu.
Benchi la mbele lote linainama.

Gari linabiringika darajani, vioo vinamwagika kama mchele,
teke, ngumi, dirisha, mvua,
maneno ya Kyengo yanafika kabla ya kisu.

Kisha chumba cheupe, watu wawili tu.
Bosi mzee anamimina chai. Jasusi anakitazama kikombe.
Wanaongea polepole, dakika nzima,
na Kyengo, ambaye hajawahi kukosa neno,
amenyamaza.

"Sema basi! Tumelipa!" mtu anafoka kutoka nyuma.

Mtaani wanajua alikuwa askari kanzu zamani,
akaacha kazi ghafla, hakueleza mtu.

Anakohoa. Anasogeza kipaza sauti mdomoni.
"Anamwambia..." sauti imeshuka, si ya sinema tena,
"anamwambia, mzee,
yule kijana uliyenituma kwake usiku,
hakuwa na kosa.
Na mamake alinifungulia mlango,
akanikaribisha."

Midomo kwenye skrini imeshafungwa kitambo.

Stima inapotea.
Tunakaa vivyo hivyo, magoti kwa magoti.
Hakuna anayedai ishirini yake.