Shingo ya Chupa

Aprili, Nabeul. Nyumba nzima haina pa kukanyaga:
chumba cha wageni kimetandikwa mashuka
na juu ya mashuka, maua ya mdanzi,
meupe, yenye nta kidogo ukiyagusa.
Usiyalundike, asema shangazi Mongia,
ua likibanwa hupandwa na homa kama mtu.

Mimi nimekaa mlangoni, mtoto kifuani,
kitambaa nimekikaza hadi masikio yanauma.
Mwezi wa nne tangu nimzae Yosr
na nywele zangu zinanihama.
Ziko kwenye mto, ziko kwenye supu,
ziko kwenye ngumi ya mtoto: ameshika uzi mmoja
kama risiti ya deni.

Chungu cha shaba kiko jikoni.
Shangazi alikirithi kwa mkwewe,
wawili ambao hawakupikika chungu kimoja,
na sasa chungu ndicho hiki, na kinapika.
Pale kifuniko kinapokutana na bomba
anapaziba kwa ukanda wa unga uliokandwa.
Moto mdogo. Mdogo zaidi.
Nani kakwambia tunachemsha mbuzi?
Maji ya kupozea yakishika joto
nayamwaga uani, namimina mengine,
kwa mkono mmoja tu, wa pili ni wa Yosr.

Kisha tone.
Kisha kimya kirefu, kisha tone.
Chupa imevikwa sketi ya majani makavu,
inajaa maji yenye ukungu,
na kwenye shingo, juu kabisa,
yanakusanyika mafuta: upana wa kidole, si zaidi,
rangi ya chai iliyoongezwa maji mara mbili.

Maji ni yetu: ya keki, ya macho yaliyochoka,
ya kumnyunyizia anayezirai msibani.
Mafuta ni ya Si Naceur,
anayekuja Ijumaa na mizani ya sonara
na kuyapeleka ng'ambo, kwa watu
wasiojua kwamba mdanzi una miiba.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitano niliyaiba.
Tone tupu, bila kuchanganya, shavuni,
siku ya harusi ya binamu yangu Saloua.
Hata keki haijakatwa, shavu limeiva kama nyanya.
Katika picha zote natazama kulia.
Shangazi hakunipiga. Alinipangusa
kwa mafuta ya zeituni, si kwa maji, akasema:
Ukali huu hautembei peke yake.
Mtafutie mwenzake amshike mkono.

Leo Ijumaa. Hodi.
Shangazi amepiga magoti, bomba la sindano
la duka la dawa mkononi, anayavuta mafuta
kwenye shingo ya chupa, pumzi ameibana.
Hodi tena.
Subiri!
Ananigeukia: Vua hicho kitambaa.

Matone matatu, kijiko cha zeituni.
Kwanza kwenye kiwiko changu. Tunangoja,
tunamwacha mtu wa mizani asimame juani,
na kiwiko kinabaki kiwiko.
Ndipo vidole vyake vinaingia kichwani,
vinapita palipo na nywele, vinapita pasipo nazo,
haviharakishi palipo uchi.
Harufu ni chungu kwanza, kama jani lililovunjwa;
utamu huja baadaye, kwa aibu.

Zitaota? namuuliza.
Zitaota. Na mafuta yasijisifu.
Nywele za mzazi hurudi zenyewe, hata kwa maji ya bomba.
Basi haya ni ya nini?
Anafikiri. Kidole kimesimama utosini.
Ili uwe na kichwa wakati unazingoja.

Nje, Si Naceur anakohoa.
Mizani yake leo itasema pungufu
na shangazi ataapa kwamba mwaka ulikuwa mbaya,
mvua, wajua, na ule upepo.
Yosr amelala. Ngumi imefunguka:
uzi mweusi umeanguka kwenye shuka,
katikati ya maua,
nami siuokoti.