Njia ya Sita

Barua ya Shirikisho ilikuja Jumatatu, muhuri umekaa upande:
"Umepangwa njia ya sita, siku tatu, bwawa la Bausher.
Shati jeupe. Posho riali nane, na chakula."
Sikuuliza kwa nini sita. Shirikisho haliulizwi,
huandikiwa.

Nje joto arubaini na tatu, lami inanata;
ndani klorini inang'ata macho, na kiyoyozi kinakoroma
kama mtu asiyetaka kuamshwa.
Tuko watatu ukingoni:
Rowena, muuguzi; Thankachan, mhasibu mstaafu wa kiwanda cha saruji;
na mimi, mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa Matrah,
niliyelelewa kwa Kiswahili cha jikoni.
Kila mmoja na saa shingoni. Zilitolewa asubuhi kwa sahihi,
zitarudi jioni kwa sahihi.

Watu hudhani kuogelea ni maji.
Kuogelea ni karatasi:
cheti cha kuzaliwa, cheti cha daktari, picha mbili nyuma buluu,
nakala tatu, moja ya Shirikisho, moja ya klabu,
moja sijui ya nani, ila ikikosekana huruki.
Na juu ya karatasi zote, kiwango,
kimebandikwa mlangoni, kona moja imelegea:
mita mia mbili mtindo huru, wavulana,
dakika mbili, sekunde sita, nukta hamsini.
Ukifika, ndege ya Kuwait na jezi ya taifa.
Usipofika, Mungu akupe subira.

Mundhir bin Ghalib alitoka Sur na basi la alfajiri.
Miaka kumi na sita, mabega ya kuazima, magoti ya mtoto.
"Shikamoo," akaniambia kwa lafudhi ya Kiarabu.
Bibi yake kamfundisha neno hilo moja, naye kaja nalo kama zawadi.
Nikamwitikia kwa jicho. Mpima saa hazungumzi na muogeleaji.

Filimbi. Kimya. Mlio.
Urefu wa kwanza akauogelea kwa pupa,
wa pili kwa akili, wa tatu kwa deni,
wa nne sijui; sikuwa naye tena,
nilikuwa na ukuta, na mkono, na kidole gumba changu.
Akagusa.
Ubao ukaandika njia zote
ila ya sita: vistari viwili. Padi imekufa.

Kanuni inajua la kufanya:
padi ikifa, saa za mkono; zote tatu zikitofautiana,
ichukuliwe ya katikati.
Rowena, arubaini na nne. Thankachan, sitini.
Mimi, hamsini na moja.

Nilikokotoa palepale, maradhi ya kazi:
kwa mwendo ule, moja ya mia ya sekunde
ni sentimita moja na nusu na kitu,
upana wa ukucha wa kidole kilichobonyeza.

Kocha akakata rufaa, dhamana riali ishirini, risiti.
Tukaitwa chumba cha taulo, kamati na birika lao la karak.
"Kidole hakikuchelewa?"
"Kina miaka hamsini na mitatu, bwana. Huchelewa.
Lakini mwanzoni pia kilichelewa, kwa hiyo hesabu hujirudi."
Wakacheka, isipokuwa katibu Yaarub, aliyekuwa akiandika.
Akaandika na hilo.
Rufaa ikatupwa.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema.
Hawajawahi kupangwa njia ya sita.

Wiki mbili baadaye nilisoma kumbukumbu za kikao,
ukurasa wa nne, kati ya bili ya maji na viti vilivyovunjika:
"Padi moja. Inunuliwe, bajeti ikiruhusu."

Lakini jioni ile, kwenye maegesho, alinisubiri
na taulo kichwani.
"Saa yako ilikuwa ipi?"
"Ya katikati."
Akakitazama kidole changu, si uso.
"Mwezi wa kumi utakuwapo?"
"Hupanga Shirikisho."
"Basi," akasema, "nitagusa mapema."
Na la Sur likapiga honi.