Chuma Kiende Mbio

Wasuna amerudi kutoka Kombewa,
mara ya tatu tangu Pasaka,
shafti ya kinu chake begani.
Sili imeliwa tena, anasema, oili imemwagikia unga wa watu.
Sili za siku hizi ni karatasi.

Sijibu. Napitisha ukucha wa kidole gumba
juu ya chuma alichokereza Wesonga kabla ya kuhamia Nakuru.
Krrr, unasema ukucha.
Sili haina kosa. Sili ni ulimi wa mpira
ulioambiwa ulambe tupa kutwa kucha
mpaka ukaisha.

Wesonga alimalizia kwa msasa.
Msasa ni poda.
Ipeleke shafti dirishani, iinamishe kidogo,
utaona matuta yamelala safu kwa safu
kama mpunga wa Ahero trekta likishapita.

Nafunga chuma kipya.
Mikato ya kwanza ni minene, bila haya,
nyuzi za buluu zinaruka hadi kwenye viatu vya Wasuna, anarudi nyuma.
Halafu nasimama, napima.
Imebaki nusu milimita.

Nahamisha mkanda kwenye puli ndogo.
Haraka haraka haina baraka, ananikumbusha.

Inategemea ni haraka ya nani, mzee.
Chuma kikizunguka kivivu
kinanata kwenye ncha ya kisu kama ugali kwenye mwiko,
kisha kilichonata ndicho kinachokata,
na kinakata kama panya.
Chuma kiende mbio.
Kisu kitembee.

Mwendo wa kisu naupunguza nusu.
Ukiupunguza nusu, kina cha matuta hakibaki nusu,
kinabaki robo.
Hesabu hiyo niliifanya kwa chaki mlangoni, nikadhani nimekosea,
nikairudia chini yake.
Ogada amekataza mtu asiifute.

Pua ya kisu nimeinoa kwenye jiwe, ina mviringo mdogo.
Ikichongoka kama sindano, inachora.
Ikiwa butu kama kisigino, shafti inatetemeka
na mtetemo unaandikwa.
Kila kitu kinaandikwa hapa.

Mkato unaofuata naogopa.
Nagusa tu, unene wa unywele.
Na kisu, kikiona naogopa, hakikati; kinasugua,
kinalia kama mtoto anayeoshwa uso kwa maji baridi.
Chuma kinang'aa kwa hasira. Ukucha: krrr.

Sasa nimebakiwa na mkato mmoja.

Pampu ya maziwa ilikufa mwezi wa pili.
Maziwa ndivyo tunavyoyaita, mafuta na maji, meupe.
Shika huu mkebe, namwambia Wasuna,
mwaga papo hapo kwenye ncha, wembamba wa uzi, usikatize.
Mimi? Wewe. Shafti ni yako.

Anamwaga. Mkono wa mtu wa magunia,
lakini unamwaga kama anayemnywesha ndama.
Nyuzi zinatoka fupi, zimejikunja, za rangi ya majani makavu.
Sauti ni moja. Mmmm. Hata Ogada ameacha kupiga nyundo.

Katikati, taa inapepesa.
Obunga nzima wanachomelea saa hizi.
Kerezo linashusha pumzi.
Nikilisimamisha, itabaki pete shingoni mwa shafti, na chuma sina tena.
Usikatize, nasema, sijui namwambia nani.
Taa inarudi.

Nafuta kwa pamba. Napitisha ukucha.
Kimya.
Wasuna anajaribu wake, mrefu, una unga chini yake.
Anajaribu tena, kama mtu aliyepoteza kitu.

Na uzuri huu utaonekana wapi?
Hautaonekana. Utakaa ndani ya sili, gizani, kwenye oili.
Anacheka, analipa nusu,
nusu nyingine atalipa kwa unga.
Anavua sweta lake, anaifunga shafti.

Sikumwambia
kuna mstari mmoja, pale taa ilipopepesa.
Ukucha hauusikii.
Mimi nauona.