Ukuta wa Bi Shekuwe

Aliniita alfajiri:
"Famau, ukuta wa chumba cha marehemu umelia tena."
Nikaja na mwiko, na ndoo, na ukaidi wangu.
Nyumba ya Mkomani, mlango wa pili baada ya kisima.
Zidaka tupu, ila kimoja: miwani ya mumewe,
kikono kimoja kimefungwa uzi.

Niligusa ukuta. Maji kweli.
Nikaonja kidole. Chumvi.
Akanitazama: Waona?

Naona, bibi. Ila niache niseme nijuavyo mimi fundi.
Jiwe hili ni tumbawe, lilizaliwa baharini,
lina vitundu kama mkate wa kumimina.
Chini ya msingi pana maji, nayo hupanda
kidogo kidogo, bila ngazi,
kama mafuta ya taa yapandavyo utambi.
Yakifika usoni, joto la kaskazi huyanywa yote.
Joto halinywi chumvi.
Chumvi hubaki, huota meno meupe, membamba,
husukuma lipu kutoka ndani hata ibanduke.
Ndio ule unga unaoufagia kila Ijumaa.

"Na usiku wa leo? Hapakuwa na joto wala jua."

Usiku wa leo mvua i mlangoni.
Hewa imejaa maji yasiyoonekana.
Chumvi yako ya jikoni, si imegandamana?
Akaenda. Nikasikia kijiko kikigonga ndani ya kopo,
ko, ko, kama kwenye jiwe.
Basi na ya ukutani ina kiu ileile,
huvuta maji hewani, huyaloweka humu.

Yule aliyekupigia saruji mwaka juzi
alifunga mdomo tu.
Maji hayakukoma. Yamepanda yakitafuta pa kutokea,
tazama, yamefika kwenye kidaka.
Tuibandue. Tupake chokaa, ukuta upumue.

Alinyamaza.
Akachukua miwani, akaifuta kwa pindo la leso,
pande zote mbili, kama mtu atakayeivaa.
"Wanangu walinikataza kulia," alisema.
"Tangu arubaini. Wasema nina presha."
Mimi ni fundi wa chokaa; hilo sina jibu lake.

"Bandua," akasema. "Anzia hapo kwenye kidaka."

Nikaanza.
Saruji ilikuwa imeshalegea, ingetoka kwa mkono.
Nikaigonga kwa nyundo, kwa nguvu isiyohitajika,
asubuhi nzima,
majirani wasisikie kitu kingine.