Toleo Chafu

Msabila,
nimekifungua kifurushi chako hapa Kanyenye,
juu ya meza inayonata asali ya jana.
Umekibana vizuri, kilobaiti mia tatu na kumi,
kama nguo za msafiri anayelikalia sanduku
ndipo zipu ifunge.
Kila kitu kimo. Leseni imo. Shukrani zimo,
hata jina la mama yako, Nyanzala,
aliyekupa chumba na umeme.

Lakini juu kabisa ya lile faili refu
ambalo watu hawalisomi, mashine inaiandikia mashine,
kuna mstari mmoja:
limezalishwa na kiundaji, toleo 2.72, chafu.

Chafu. Neno la mashine, halina tusi.
Lasema tu kwamba usiku ule
ulikifumua kiundaji chenyewe,
ukakaza skrubu isiyouzwa dukani,
ukafunga kifurushi, ukawapa walimwengu,
na bisibisi ukabaki nayo mfukoni.

Nimejaribu kwa kiundaji cha kila mtu.
Kimekubali, wala hakikuguna.
Mistari kumi na mmoja tu imetofautiana.
Na ndoo ya Sikonge, kilo ishirini kamili,
mizani yako ikaisoma kumi na tisa na robo tatu.
Robo hiyo, Msabila, ni ya Mama Kalunde.
Amekaa kwenye pikipiki tangu alfajiri,
na nyuki mmoja bado yumo kwenye kitenge chake.

Tulisemaje kule Cheyo, tukigawana modemu moja?
Mficha uchi hazai.
Tukaweka kila kitu uchi,
isipokuwa mkono uliovua nguo.

Saa nane usiku nimeipata skrubu yako.
Sikuiona. Nimepapasa alama ilizoacha,
nikachonga nyingine ya kufanana nayo.
Ndoo inasoma ishirini.
Nimebana, nimetia sahihi,
kidole kiko juu ya kitufe,

na jicho likapanda kwenye mstari wa juu:
2.72, chafu.

Safari hii uchafu ni wangu.

Treni ya Mpanda inapiga honi stesheni.
Mama Kalunde amelala kwenye benchi la ushirika,
anangoja risiti.
Nimetuma.
Kesho nitaandika nilichokaza, na wapi, na kwa nini.

Kesho, nimesema.
Nadhani nawe ulisema hivyo hivyo.