Nyuma ya Kiganja

Saa nane za usiku, yadi ya malori Vingunguti.
Injini imezimwa, gari bado linasema:
tik, tik, chuma kinajikunyata taratibu,
na magurudumu yananipumulia miguuni
kama jiko lililoepuliwa chungu.

Mimi ni utingo, safari yangu ya kwanza.
Tani thelathini za shaba kutoka Kitwe,
siku sita, na foleni ya Tunduma siihesabu.
Nikachota ndoo bombani.
Nikasema nilipoze, maskini, limechoka.

"Weka ndoo chini!"
Siwema, fundi wa breki, anachomoza chini ya tela la jirani,
tochi kaibana kwapani, grisi hadi kwenye nyusi.
"Ngoma ya moto ukiimwagia maji itapasuka kama bilauri.
Kesho utamwambia nini Kihwelo?"

Kihwelo mwenyewe alikuwa amekalia tofali,
kiatu kimoja kavua, cha kulia, cha mguu wa breki.
Mguu ulikuwa unatetemeka peke yake,
yeye anautazama kama mtoto wa mtu mwingine.

Nikauliza: joto limetoka wapi?
Jua lilituachia Chalinze,
tukakaa Vigwaza kwenye mizani mpaka umande,
na moto hatukuwasha.

"Sugua viganja," Siwema akasema.
Nikasugua.
"Vimepata moto?"
Vimepata.
"Sasa katikati yake weka tani thelathini."

Akakaa juu ya rimu mbovu, akaendelea:
Kila mteremko uliwakopesha mwendo,
na mwendo haufi kwa kukanyagwa.
Lainingi inaibana ngoma, ngoma inataka kwenda,
wanagombana hapo gizani,
na kile kishindo kilichokuwa kinaikimbilia Ubungo
kinazama ndani ya chuma na kukaa
kama mgeni aliyekosa gari la kurudi,
mpaka upepo umchukue, kidogo, kidogo.
Tairi nalo, likipungua upepo, kila mzunguko linakunjwa na kukunjuliwa.
Umewahi kukata waya kwa kuukunjakunja?
Gusa pale unapokunjia.
Beringi iliyokauka grisi usiniulize,
hiyo utainusa kabla hujaishika.

Kisha akanizungusha gari zima.
"Nyuma ya kiganja, na usiguse. Sogeza tu.
Kiganja kikiungua, kesho utashika nini?"
La kwanza, moto.
La pili, moto, vinyweleo vikasimama.
La tatu, la nne, vilevile.
Tela, upande wa kushoto, ekseli ya katikati:
baridi.
Baridi kama sahani iliyooshwa.

Nikafurahi. "Hili zima!"

Siwema hakucheka.
Akapiga magoti, akaingia na tochi yake,
nikasikia kucha zikikwaruza mpira.
"Hilo ndilo gonjwa," sauti ikatoka chini.
"Bomba la upepo limekatika. Halijafunga breki hata mara moja.
Limeshuka Kitonga mikono kifuani,
wenzake wakiungua kwa zamu yake."

Kimya. Hata chuma kiliacha kusema.

Halafu Kihwelo, bila kuinua kichwa:
"Pale Kimara nilikanyaga, likachelewa.
Si sana.
Urefu wa bajaji moja."

Akavuta pumzi.

"Ilikuwepo bajaji.
Ilikuwa na mama, na ndoo ya maandazi.
Iliondoka tu yenyewe, sijui kwa nini. Iliondoka."

Ndege ikapita juu yetu, chini kabisa, taa zote wazi,
ikitafuta uwanja,
nayo ina magurudumu yake ya kwenda kuyaunguza.
Siwema akatoka, akajifuta kwa gazeti,
akasema bomba jipya atalitafuta Gerezani
maduka yakifunguliwa, na gari hili haliondoki.
Hakuna aliyebisha.

Ile ndoo bado ilikuwa imejaa.
Nikaisogeza kwenye tofali.
Kihwelo akaitazama kitambo,
kisha akautumbukiza ule mguu wa kulia hadi kwenye kifundo.

Maji yakatetemeka, yakatetemeka,
yakatulia.
Hakikupasuka kitu.